Mume wangu anataka kuuza shamba kabla ya Bwana kurudi

Mshauri,

Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Luanda, Kaunti ya Vihiga, na nauza omena na nafaka sokoni. Mume wangu ni fundi wa magari. Tumekaa pamoja miaka kumi na tisa. Mahari ilifikishwa kwetu karibu na Kendu Bay na wazee wakaipokea, lakini cheti cha ndoa hatujawahi kukichukua.

Tangu mwaka jana Baba watoto aliacha kanisa letu, akajiunga na ushirika unaokutana nyumbani kwa mtumishi mmoja kila Alhamisi usiku. Huko somo ni unabii tu. Mtumishi amewaonyesha kwamba mtini wa Mathayo 24 ni Israeli, kwamba Israeli ilichipuka 1948, na kwamba kizazi ni miaka themanini kulingana na Zaburi ya 90. Hesabu inafika 2028, na hapo ndipo mwisho. Atakayekutwa ameshikilia shamba, anasema, ni mke wa Lutu.

Tuna ekari moja na nusu ambayo mume wangu alirithi kwa babake. Anataka kuuza ekari moja, pesa ziende kujenga kambi ya maandalizi. Mnunuzi ameshaonyeshwa mipaka, sasa wanangoja kikao cha bodi ya ardhi mwezi ujao. Ameandika pia barua ya kutoa akiba yake kwenye sacco, Sh210,000. Kifungua mimba wetu yuko Kidato cha Tatu na muhula huu karo haijalipwa. Babake anasema, “Mtihani wa nini na Mwalimu mwenyewe yuaja?” Mwezi wa nane kijana anatimiza miaka 18, naye amekatazwa kuchukua kitambulisho kipya kwa kuwa eti ni chapa ya mnyama. Tena juzi tulifunga mafungo makavu siku tatu. Kitinda mimba wangu wa miaka mitano alinyimwa maji siku nzima na usiku, mpaka nikamnywesha jikoni kwa siri. Hadi leo najiona mwizi.

Kinachonitesa ni kwamba mimi naamini. Nimelelewa Msabato, habari za parapanda ya mwisho nimezisikia tangu utoto. Nikizuia shamba lisiuzwe, kisha Bwana aje kweli, nitamjibu nini? Nikikubali asije, watoto watalala wapi? Mama mkwe ananiambia ninyamaze, mume ni kichwa. Dada yangu anasema nichukue watoto nirudi Kendu Bay. Wenzangu sokoni wanasema amerogwa. Na mume wangu hanywi, hajawahi kunipiga, akiomba analia. Si mtu mbaya.

Mama wa Watatu, Luanda

* * *

Amina, dada. Asante kwa kutuandikia.

Tukiisoma barua yako, tunaona vitu viwili vimefungwa kwa kamba moja. Kimoja ni imani kwamba Yesu atarudi, nayo mnayo nyote wawili. Kingine ni mwaka uliotajwa, pamoja na yote yanayodaiwa kwa sababu ya mwaka huo. Vimefungwa hivyo kwa muda mrefu hata wewe mwenyewe unaogopa kwamba ukigusa cha pili umekikana cha kwanza. Tungependa kuilegeza kamba hiyo pamoja nawe.

Lakini tuanze na maji, kwa sababu hili haliwezi kungoja na hatulioni kuwa na pande mbili. Mtoto wa miaka mitano hafungi maji. Mwili wake hukauka upesi kuliko wa mtu mzima. Ukiona midomo imekauka, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita au zaidi, au amelegea na hataki kucheza, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hukuiba chochote jikoni. Mafungo yajayo yakiwagusa watoto, sema wazi mapema kwamba wao watakula na kunywa, na ukizidiwa nguvu piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Sote tunajua kilichofukuliwa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023: miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, baada ya watu kuambiwa wafunge ili wamwone Yesu. Mtumishi wa kwenu hatumjui, wala hatusemi yeye ni wa aina hiyo. Tunasema tu kwamba mpaka huu uwekwe mapema, angali anasikilizwa mama.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Mumeo anaishika kwa sababu ina tarakimu na aya, na mtu mwaminifu huheshimu aya. Imesimama juu ya nguzo tatu.

Ya kwanza ni kwamba mtini ni Israeli. Luka anao mfano huo huo katika 21:29, lakini yeye ameandika, “Utazameni mtini na miti mingine yote.” Kama mtini ni taifa moja, miti mingine yote ni nini? Wapo wanaojibu kwamba ni mataifa mengine. Wengi zaidi huona kwamba Yesu alikuwa akisema jambo ambalo mkulima yeyote wa Bunyore analijua: majani yakichipuka, majira yamegeuka.

Ya pili ni neno kizazi katika Mathayo 24:34. Wapo wanaosoma kwamba ni watu waliokuwa wakimsikiliza Yesu, ambao baadhi yao waliishi hata Warumi wakabomoa hekalu la Yerusalemu mwaka wa 70, yapata miaka arobaini baadaye. Wengine husema ni kizazi kitakachoziona ishara za mwisho, na wengine kwamba ni ukoo wa Wayahudi usiokwisha. Wote hao ni Wakristo wanaoiheshimu Biblia.

Nguzo ya tatu, ile miaka themanini, ndiyo dhaifu kuliko zote. Zaburi 90:10 inaomboleza ufupi wa maisha ya mtu: miaka sabini, na mwenye nguvu themanini. Haipimi urefu wa kizazi cha unabii. Ndiyo maana kipimo hiki kimekuwa kikirefushwa. Kizazi kilipohesabiwa kuwa miaka 40, 1948 ilizaa 1988, na kijitabu kilichoenea sana Marekani kikataja Septemba ya mwaka huo. Ilipopita, wengine wakahamia 1967, Israeli ilipoiteka Yerusalemu ya Mashariki. Wengine wakarefusha hadi 70, ikawa 2018. Sasa ni 80. Na wanaofundisha kwamba kanisa litanyakuliwa kabla ya dhiki kuu ya miaka saba walipaswa kutoa saba kwenye 2028, wapate 2021. Siku mumeo ametulia, mwulize bila kumcheka: ushirika wao unasemaje kuhusu 2021?

Wewe uliyelelewa Msabato una historia hii karibu na mlango wa kwenu. William Miller, mkulima na mhubiri wa Marekani, alisoma siku 2,300 za Danieli 8:14, akazifanya miaka, akaanza kuhesabu 457 kabla ya Kristo. Alifika 1843, kisha kwa kuwa hakuna mwaka wa sifuri kati ya miaka ya kabla ya Kristo na ya baada yake, hesabu ikasogea hadi 1844. Hatimaye wafuasi wake wakashika tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao yao shambani bila kuyavuna. Usiku ukapita, kukapambazuka, wakalia. Kikundi kimoja kati yao kilirudi kwenye Maandiko, kikaacha kutaja tarehe ya kurudi kwa Bwana, na mwaka 1863 kikajipanga kuwa kanisa. Ndilo lililofika Gendia, hapo karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Kanisa lililokulea limeendelea kuhubiri kwamba Bwana yuaja, karne na zaidi, bila kumwambia mtu auze shamba kabla ya mwaka fulani.

Si wote walioangukia pema hivyo. Huko Kanungu, Uganda, waumini walikuwa wamekabidhi mali zao wakingoja mwisho wa 1999. Mwaka 2000 ulipoingia salama, baadhi yao wakaanza kudai mali zirudishwe. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya kanisa lililokuwa limefungwa. Na Septemba 2025 tu, tarehe 23 na 24 zilitajwa na mhubiri mmoja wa Afrika Kusini, zikazunguka dunia kwa simu, zikapita. Siku ikipita, viongozi kwa kawaida hufanya moja kati ya haya: husogeza tarehe, au husema jambo limetimia mbinguni bila kuonekana, au huwalaumu wafuasi kwamba imani yao ilipungua. Mtu aliyebaki na shamba lake huweza kuondoka hapo kwa aibu kidogo akarudi nyumbani. Aliyeuza kila kitu hana pa kurudi, kwa hiyo hukubali tarehe mpya.

Unauliza: je, akija kweli? Swali hilo tunaliheshimu. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba Bwana mwenyewe atashuka, na walio hai watanyakuliwa wamlaki hewani (1 Wathesalonike 4:16-17). Wakristo wameielewa aya hiyo kwa njia mbalimbali. Kanisa Katoliki na Waanglikana wengi, wakimfuata Agostino, mwalimu wa kanisa la kale, husoma miaka elfu ya utawala wa Kristo katika Ufunuo 20 kama picha ya wakati huu wa kanisa. Wapentekoste wengi hufuata mafundisho yaliyoenezwa na mhubiri John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, kwamba unyakuo hutangulia dhiki. Wasabato husema kurudi kwake kutaonekana na kila jicho, na miaka elfu watakatifu wataimaliza mbinguni. Yaangalie hayo ya Darby hasa, maana ndiyo yaliyo karibu na ya mumeo: walimu wake wenyewe hufundisha kwamba unyakuo waweza kutokea saa yoyote. Ukiutajia mwaka, fundisho hilo hilo limevunjika. Naye Paulo, aliposikia Wathesalonike wametikiswa na habari kwamba siku imekwisha kuwapo, aliwaandikia tena wasifadhaishwe upesi, na kwamba asiyetaka kufanya kazi asile.

Kuhusu mke wa Lutu, msome pamoja Luka 17:31-32. Maneno hayo yanahusu “siku ile” yenyewe, mtu akiwa darini asishuke kuchukua vitu vyake. Hayahusu shamba linalolimwa miaka miwili kabla. Kisha fungueni Yeremia 32, sura tunayotamani kila mtu anayeshawishiwa kuuza ardhi aisome. Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, Yeremia yuko kifungoni, na amekwisha kutabiri kwamba mji utaanguka. Unabii wake ni wa kweli, mji ulianguka. Na katikati ya hayo anaambiwa anunue shamba la Anathothi. Anapima shekeli kumi na saba za fedha, anaita mashahidi, na hati inatiwa katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi.

Upo upande wa mumeo nao, na tusiuruke. Waumini wa kwanza kweli waliuza viwanja wakaleta pesa miguuni pa mitume, na huenda moyo wa mumeo umeguswa na ukarimu huo. Ila Petro alimwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla ya kuuzwa, na pesa zilikuwa katika uwezo wake hata baada ya kuuzwa. Hakuna aliyelazimishwa, na kilichotolewa kiligawiwa wenye uhitaji. Basi yapo maswali ya haki ambayo hata mwumini mwenye bidii anaweza kuuliza: kambi itajengwa kwenye ardhi iliyoandikwa jina la nani? Akaunti ina sahihi za watu wangapi? Mtumishi mwenyewe ameuza shamba lake?

Tuje kwa bodi, kwa kuwa mwezi ujao hauko mbali. Ardhi ya kilimo haiuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na kwa kawaida bodi hutaka mke afike na aulizwe. Una haki ya kwenda na kusema hukubali, au kusema unaomba muda. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa bila idhini ya mwenzi. Hapa uwe mwangalifu: ardhi ya urithi kwa kawaida haihesabiwi kuwa mali ya ndoa, lakini nyumba mnayoishi inahesabiwa, na jasho ulilotia katika kuiendeleza ardhi lina uzito wake. Waweza pia kuomba zuio liandikwe kwenye rejista kwa msajili wa ardhi, ili shamba lisihamishwe kimyakimya. Watakuuliza uthibitisho wa ndoa. Kwa kuwa huna cheti, tafuta barua ya chifu na majina ya wazee waliopokea mahari. Kusajili ndoa ya kimila chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 kunahitaji ninyi wawili, na huenda mumeo akakubali ukimwomba kama baraka. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, waone kabla ya kikao.

Hatari ya njia hii usiifumbie macho. Zuio likijulikana, mumeo anaweza kuona umemgeuka, mtumishi akalitumia kukuita mke wa Lutu wa pili, na mnunuzi aliyelipa chochote akadai chake. Ukienda kimya utavunja kitu kati yenu. Ukimwambia mapema, huenda akaharakisha. Wewe ndiwe unayemjua.

Ipo njia ya katikati ambayo barua yako haikuitaja: kukodisha. Shamba likikodishwa msimu kwa msimu hadi mwisho wa 2028, kwa mapatano yaliyoandikwa mbele ya mashahidi, vipimo vikitajwa, mumeo ana kitu cha kutoa na hati inabaki sandukuni. Bwana akija, mpangaji hana cha kudai. Asipokuja, shamba lipo. Pesa zake ni kidogo, na huenda ushirika ukamwambia hiyo ni imani nusu. Hata hivyo pendekeza. Sacco nayo ina breki yake: nyingi hutaka notisi ya siku 60 kwa anayejiondoa, na kama amewadhamini wenzake mikopo, akiba haitoki mpaka wapatikane wadhamini wengine. Mwulize kwa upole amemdhamini nani.

Ukizungumza naye, usichague Alhamisi wala Ijumaa, akiwa ametoka kukesha. Usianze na aya za kumpinga. Mwombe akae nawe muandike kwenye karatasi jibu la swali moja: tukiamka tarehe 1 Januari 2029, watoto watakula nini na tutaishi wapi? Akilijibu, mtakuwa na la kupanga. Akikataa kulijibu, umejua jambo muhimu pia. Mzee mmoja anayemheshimu, ndugu yake au mchungaji wenu wa zamani, anaweza kuwapo, mradi asije kumshambulia.

Dada yako anakutakia mema, na kama usalama wa watoto utaguswa tena, safari ya Kendu Bay ni kimbilio halali. Kwa sasa fikiri kwamba ukiondoka, ushirika ndio utabaki nyumba yake pekee, na kwenye bodi kiti chako kitakuwa kitupu. Kunyamaza kama anavyotaka mama mkwe kuna gharama yake: ukimya wako huenda ukahesabiwa kuwa kibali. Na kuhusu kurogwa, wewe mwenyewe umetuambia analia akiomba. Kuna kitu anakitafuta. Gereji inakwendaje? Kuna msiba au deni lililotangulia mwaka jana? Mara nyingi tarehe ya mwisho humvuta mtu ambaye tayari amechoka na siku zilizopo.

Kitambulisho tusikikawize. Ufunuo 13 unasema hesabu ya mnyama ni 666. Wasomi wengi huisoma hivi: jina Neroni Kaisari kwa herufi za Kiebrania, kila herufi ikiwa na thamani yake, ni 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200. Jumlisha uone. Ukiondoa herufi ya mwisho ya Neroni, ile 50, unapata 616, na nakala chache za kale zina 616 hasa. Wengine wanamngoja mnyama wa baadaye, sawa. Lakini Ufunuo 14:9 unaiweka chapa pamoja na kumsujudu mnyama, na aya ya kwanza ya sura hiyo inaonyesha watu wa Mungu nao wana jina katika vipaji vya nyuso. Ni habari ya kuabudu. Ofisi ya kitambulisho haimwombi kijana asujudu. Bila kadi hiyo hatasajili laini ya simu kwa jina lake, wala kupata kazi yoyote rasmi.

Na huyo kijana. Darasa lake ndilo la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, na KCSE yao, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni 2027. Akikosa mwaka huu, nyuma yake hakuna Kidato cha Tatu cha kurudia. Nenda kwa mwalimu mkuu wiki hii, ueleze, uombe kulipa karo kidogo kidogo kutoka mauzo ya soko. Uulize pia kuhusu basari ya eneo bunge na ya kaunti. Kisha mkalishe mwenyewe, labda mkipukuchua mahindi, baba asiwepo. Umetuandikia anayoyasema mumeo, mama mkwe, dada na wenzako wa sokoni. Kijana wa miaka kumi na saba anayeambiwa kila wiki kwamba hatafika ishirini, yeye anasemaje? Hilo hukutuandikia, na huenda hakuna aliyemwuliza.